Magari Yanayopita Mwabungo

Kila asubuhi ya msimu wa wageni, magari madogo ya watalii hutoka kwenye mageti ya hoteli za Diani na Galu na kuingia barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Yanayokwenda milimani hushika kaskazini, yakapita Ukunda na Tiwi hadi Kombani, kisha yakakata kushoto na kuanza kupanda kuelekea mji wa Kwale na lango la hifadhi ya Shimba Hills. Yanayokwenda Shimoni, kwa wageni wa kupanda jahazi la kwenda kisiwa cha Wasini, hushika kusini. Hayo ndiyo yanayopita Mwabungo, asubuhi yakienda na alasiri yakirudi, vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Kijiji chenyewe kiko mahali pa kutamanika: upande wa baharini kuna Kaya Kinondo, upande wa bara kuna Kaya Muhaka, minazi na mikorosho iko kote, na nyuma yake ardhi inainuka pole pole kwenda Shimba. Lakini kwa zaidi ya nusu karne ya utalii wa pwani ya kusini, mandhari hiyo imetazamwa zaidi kwa dirishani. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kilichoamua nani anufaike na matembezi haya ya siku moja ni mahali gari linaposimama, na kwamba vituo hivyo viliamuliwa na sheria za misitu, kivuko cha Likoni na saa za chakula cha hoteli, dereva akiwa bado hajawasha gari. Anayetaka kujua kwa nini vijiji vya kando ya barabara vimepata kidogo kutoka kwa wageni wengi namna hii, atapata jibu katika historia ya vituo kuliko katika historia ya hoteli.

Milima ya Shimba kwanza haikuwa mahali pa kutembelewa. Wadigo, kama Mijikenda wenzao, waliishi ndani ya kaya, yaani makazi yaliyozungushiwa msitu mnene kwa ajili ya usalama, na walipotoka humo wakaenea hadi ufuoni upande mmoja na hadi kwenye miteremko ya Shimba upande wa pili. Baina ya ufuo na mlima watu walikwenda na kurudi, wakifuata mashamba, ndugu, waganga na soko. Mwaka 1903 serikali ya Waingereza iliutangaza msitu wa Shimba kuwa mali ya serikali, na mwaka 1924 ikaongeza nyanda za majani zilizo katikati ya msitu huo. Baada ya uhuru, mwaka 1968, sehemu kubwa ya eneo hilo ikawa hifadhi ya taifa ya wanyama. Kila hatua ilikuwa na sababu zake. Msitu ulikuwa na mbao za thamani, chemchemi za Marere zilitoa maji yaliyopelekwa Mombasa, na palahala, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, hapatikani porini kwingine popote nchini Kenya. Sina ugomvi na sababu hizo. Bila ya mipaka ile huenda leo tungekuwa na mahindi mahali pa msitu, na palahala tungewaona vitabuni. Lakini ni lazima tuseme pia mipaka hiyo ilifanya nini kwa mwendo wa watu. Njia nyingi za miguu zilifungwa, yakabaki malango machache yenye askari na risiti. Mlima ukapata mlango, na mwenye mlango akawa serikali ya mbali. Mgeni alipokuja miaka mingi baadaye, alikuta tayari imeamuliwa kwamba Shimba huingiliwa upande wa mji wa Kwale, kwa gari, kwa ada, na kwamba pesa ya kuingilia haipiti mkononi mwa mtu yeyote anayeishi chini ya mlima.

Jambo la pili lililoamua njia ni maji ya Likoni. Feri ilianza kuvusha watu na magari hapo mwaka 1937, na hadi mwaka 1989, ilipochukuliwa na Mamlaka ya Bandari, iliendeshwa na kampuni ya mabasi, Kenya Bus. Hilo si jambo dogo kihistoria. Kwa kampuni ile kivuko kilikuwa kipande cha barabara ya basi, na abiria wake hasa walikuwa watu wa kusini waendao kazini, sokoni na hospitalini kisiwani Mombasa. Hatari za maji hayo pia zilikuwa za watu hao: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko jirani na Likoni, ilipinduka na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa njiani kwenda kwenye shughuli za kila siku. Kwa wenye biashara ya utalii kivuko kilikuwa na maana tofauti kabisa, nayo ni foleni. Mgeni wa Diani aliyetua uwanja wa Mombasa alivuka mara moja akija na mara moja akiondoka, na mwenye kupanga matembezi ya siku moja aliogopa kumvusha tena katikati ya likizo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba atarudi kwa wakati. Basi ikabidi mlima utafutwe upande huu wa maji. Ndiyo maana Shimba, milima ambayo kilele chake hakizidi sana mita 450, ikawa mlima wa watalii wa pwani, huku Taita na maziwa ya Chala na Jipe yaliyo mpakani yakiachiwa wenye siku mbili au tatu za kutumia. Mwinuko huo mdogo una mvuto wake: hewa hubadilika ghafla, ukungu hushika majani asubuhi, na kutoka nyanda za juu mtu huona bahari yote iliyo chini yake. Ila uzuri huo haukuwa sababu ya kuchaguliwa. Shimba ilichaguliwa kwa sababu gari lingeweza kwenda na kurudi bila ya kuivuka Likoni.

Kisha zikaja ndege za kukodi. Kabla yake Diani ilikuwa na nyumba za mapumziko na hoteli chache za walowezi waliokuwa wakishuka kutoka nyanda za juu kwa magari yao wenyewe, watu waliojua kusimama wanapotaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uwanja wa Mombasa ulipanuliwa na kufanywa wa kimataifa, na ndege zikazidi kuwaleta Wajerumani, Waswisi, Waingereza na Waitaliano moja kwa moja hadi pwani. Wageni hawa walisafiri kwa mtindo ambao mizizi yake ni ya karne ya 19. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza Thomas Cook aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough na kuwarudisha siku hiyo hiyo, kwa shilingi moja kila mtu, ili wahudhurie mkutano wa kupinga ulevi. Kilichokuwa kipya pale kilikuwa bei moja iliyolipwa mapema kwa yote. Miaka mia na zaidi baadaye mtindo huo ulimfikisha mgeni Diani akiwa ameshalipia kwao ndege, kitanda na chakula. Pesa hiyo ilibaki Ulaya kwa sehemu kubwa. Iliyosalia mfukoni mwa mgeni ilikuwa ya vinywaji, ya zawadi, na ya matembezi. Kwa hiyo gari dogo lile la abiria sita au saba lilibeba uzito kuliko linavyoonekana: lilikuwa moja ya nafasi chache ambapo pesa ya mgeni iliweza kutoka hotelini ikiwa bado haijagawanywa.

Tazama sasa siku yenyewe inavyokatwa. Mgeni hula kifungua kinywa hotelini kwa kuwa amekilipia. Cha mchana hufungiwa boksi jikoni: mkate, yai la kuchemsha, kipande cha kuku, ndizi, chupa ya maji. Chakula cha jioni pia amekilipia, hivyo hurudi kabla ya giza. Ndani ya masaa hayo kuna kupanda hadi lango la hifadhi, kuzunguka kutafuta ndovu na palahala, kuteremka kwa miguu pamoja na askari wa wanyama mwenye bunduki hadi maporomoko ya Sheldrick yanayoanguka zaidi ya mita 20, kuoga hapo, kula boksi, kisha kupanda tena kwa jasho hadi gari lilipo. Hakuna saa iliyoachwa kwa ajili ya kijiji. Mama anayekaanga viazi karai na bajia kando ya barabara hawezi kushindana na boksi lililokwisha kulipiwa, hata kama viazi vyake ni bora, na ni bora kweli. Dereva naye ana sababu zake. Akisimamisha gari, husimama kwenye duka la vinyago lenye choo, uwanja wa kuegesha na mwenye duka anayempa kamisheni kwa kila mgeni anunuaye. Mshahara wa dereva wa watalii haujawahi kuwa wa kumfanya aikatae kamisheni, na sioni sababu ya kumlaumu. Utaratibu wote ulikuwa umemwambia wapi pa kusimama.

Mtu anaweza kusema kwamba ndivyo matembezi ya mandhari yalivyo duniani kote: watu hulipia kuona milima, hawalipii kuona vijiji. Historia ya Uswisi, nchi ambayo watu wake ni wageni wa zamani wa Diani, inakanusha hilo. Mwaka 1906 posta ya Uswisi ilianzisha basi lake la kwanza la injini kati ya Bern na Detligen, na kufikia mwaka 1919 mabasi ya posta yalikuwa yakivuka mlima wa Simplon. Mabasi hayo yalibeba barua na vifurushi pamoja na abiria, na barua haina budi kufika kwa mwenyewe, kwa hiyo basi lilisimama katika kila kijiji cha bonde, hata kile chenye nyumba chache. Watalii walipoanza kupenda kuzunguka milima na maziwa kwa mabasi yale, walikuta vituo vipo, na penye kituo pameshaota nyumba ya wageni, duka na benchi. Atakayesema kwamba Uswisi ni nchi tajiri na mfano wake hautufai, akumbuke kwamba vijiji vya mabonde yale vilikuwa vimeshazoea umaskini na vijana wao walikuwa wakihama kutafuta kazi. Kilicholeta tofauti ni mpangilio: kituo kilikuwa cha mwanakijiji kwanza, mtalii akaja kukitumia. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Basi na matatu za Likoni kwenda Lunga Lunga zimekuwa zikisimama Mwabungo tangu zamani, lakini gari la mtalii lilikuwa jingine tangu siku ya kwanza, lenye kampuni yake, rangi yake na ratiba yake, na magari hayo mawili yalitumia lami moja bila ya kukutana kituoni.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1990, na inafaa kuyatazama kwa makini kwa sababu ndiyo ushahidi wa hoja yangu. Mwaka 1992 kaya kadhaa za pwani, Kinondo ikiwemo, zilitangazwa kuwa urithi wa taifa chini ya Makavazi ya Taifa, baada ya miaka mingi ya viwanja vya ufuoni kugawiwa watu wenye nguvu na misitu ya kaya kumegwa ukingoni. Mwaka uliofuata, kaskazini mwa Shimba, wenye mashamba wa Golini na Mwaluganje walikubali kuyaacha mashamba yao yawe njia ya ndovu kati ya hifadhi ya Shimba na msitu wa Mwaluganje, wakitarajia kugawana ada ya geti. Wengine wao wakaanza kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu na kuiuza kwa wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazee wa Kinondo waliifungua sehemu ya kaya yao kwa wageni. Gazi nako, mji uliokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui kabla ya kushindwa vita vyake na Waingereza mwaka 1896, wanawake walijenga daraja la mbao ndani ya mikoko, mgeni akitembea juu ya matope bila ya kuyakanyaga, na baada ya hapo akila wali na samaki waliopikwa na wanawake hao hao. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaongeza mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko. Katika mifano hii yote watu wa pale hawakujenga hoteli wala hawakununua magari. Walitengeneza mahali pa kusimama. Gari lile lile, barabara ile ile na mgeni yule yule, ila sasa dakika arobaini za siku yake zikawa mikononi mwao.

Kinondo panaonyesha vizuri jinsi kituo kinavyoweza kuwa na masharti ya mwenyeji. Msitu wenyewe ni wa hekta 30 hivi, umeshika miamba ya matumbawe karibu na ufuo, na ndani yake miti imekumbatana na mizabibu mwitu minene kama paja. Mgeni haingii alivyo. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, huambiwa asibusiane humo na mwenziwe, na hukatazwa kutoka na chochote, hata jani lililokwisha anguka. Anayemwongoza ni kijana wa Kidigo wa hapo hapo, ajuaye mti upi ni wa homa, upi ni wa tumbo la mtoto, na wapi mguu wa mgeni unakomea. Pesa inayokusanywa imesaidia shughuli za kijiji, elimu na afya zikiwemo. Linganisha na maporomoko ya Sheldrick, mahali pazuri sana palipopewa jina la familia ya mlinzi mashuhuri wa wanyama wa Tsavo: mgeni huoga na kuondoka bila ya kuambiwa na mtu wa Kwale kwamba milima hii ilikuwa na majina, makaburi na hadithi kabla ya lango kuwekwa.

Hapa pingamizi la kwanza huja kwa nguvu, na huja kutoka kwa watu wenye heshima: kaya ni mahali pa sala na matambiko, na kuifungulia mgeni anayelipa ni kuiuza. Pingamizi hili nalipa uzito wake. Kuna vitu ambavyo vikishazoeleka kutazamwa huacha kuogopwa, na kaya isiyoogopwa ni msitu tu. Lakini tukiangalia kilichotokea ufuoni, tunaona kaya zilizoumizwa zaidi pwani ya kusini ziliumizwa na waliokuja na hati za ardhi. Kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni mahali patakatifu pa Wadigo, kimejengwa hoteli. Kaya Diani imekatwa na kuzungukwa na majengo. Kinondo ilibaki, na mwaka 2008 ikawa miongoni mwa kaya kumi zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, kwa sababu ilikuwa na walinzi wanaoonekana, wanaojulikana na wenye shughuli hapo kila siku. Wageni wanaokuja na kaniki kiunoni wamekuwa mashahidi wa mpaka. Wala sisemi kila kaya ifunguliwe. Wazee wanaotaka msitu wao ubaki wa matambiko peke yake wana haki ya kusema hivyo, na watu wa Mwabungo wanaweza kuwa na Kinondo iliyo wazi upande mmoja na Muhaka tulivu upande wa pili bila ya kuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Utalii hauaminiki, husema wachumi na husema pia akina mama wa sokoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, ghasia zikaenea hadi Ukunda, nyumba zikachomwa, wafanyakazi wa bara wakakimbia, na hoteli zikawa tupu. Mwaka 2002 ukaja mlipuko wa bomu hotelini Kikambala. Mei 2014 kampuni za Uingereza ziliwaondoa wateja wao Mombasa kwa ndege baada ya onyo la serikali yao, na hoteli kadhaa za pwani zikafunga. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifanya lililobaki. Kijiji kilichoegemea magari ya watalii kingekuwa kimeanguka mara nne katika muda wa kizazi kimoja. Jibu langu la kwanza ni kwamba Kwale haijapata ajira isiyoanguka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichowahi kuonekana kama nguzo ya wilaya nzima, kilifungwa mwaka 1988 na miwa ikabaki shambani. Mgodi wa titani, ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014, ulimaliza kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, na Mwaluganje ndipo panaponilazimisha kusema zaidi. Wale wenye mashamba walitoa ardhi yao yenyewe. Wageni walipopungua, mgao wa ada ukapungua pia, na ndovu hawakupungua kwa kiasi kile, ingawa mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walihamishwa kutoka Shimba na Mwaluganje kupelekwa Tsavo Mashariki. Mkulima aliyeacha kulima kwa ajili ya mgeni asiyekuja alipoteza mara mbili. Kwa hiyo nakubali kwamba si kila kituo ni sawa. Kituo kinachomtaka mwenyeji aachane na riziki yake ni kamari. Kituo kinachokaa juu ya kitu ambacho kingekuwepo hata bila ya mgeni, msitu wa kaya unaotunzwa kwa dini, mikoko inayozalisha samaki, jiko linalopikia watu wa kijiji kila siku, kinaweza kufungwa miaka miwili na kufunguliwa tena bila ya mtu kufa njaa. Gazi waliendelea kuvua katika miaka mibaya, na Kinondo haikuacha kuwa kaya.

Watakuja pia wenye hesabu, waseme kwamba hoteli moja kubwa huajiri watu wengi kuliko vituo vyote hivi vikijumlishwa. Ni kweli, na watoto wengi wa Mwabungo na Msambweni wamesomeshwa kwa mishahara ya wapishi, watunza bustani na wafua nguo wa Diani. Siwezi kuidharau pesa hiyo. Ila mshahara wa mfua nguo humfanya mtu awe na kazi, haumfanyi awe na neno katika biashara yenyewe. Katika miaka yote ile ya ndege za kukodi, maamuzi kuhusu nini kionyeshwe, kwa bei gani na kwa maelezo gani yalifanyika Zürich, London, Nairobi na katika ofisi za mbele za hoteli. Mtu wa Kinondo anayemfunga mgeni kaniki na kumwambia hapa hatupiti, ana mamlaka ambayo mpishi mkuu wa hoteli ya nyota tano hana. Watu hupima maendeleo kwa idadi ya ajira na kusahau kupima nani aliyeshika usukani wa maelezo. Mgeni aliyeelezwa Shimba na karatasi ya hoteli ataondoka akiijua kuwa mahali pa ndovu na maporomoko ya maji. Aliyeelezwa na Mdigo atajua pia kwamba pana wenyewe.

Mambo yanabadilika tena sasa, na kwa namna ambayo wazee wa biashara hii hawakuitarajia. Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari zake mwaka 2017, wageni wa Diani si Wazungu tu. Familia, vyama vya akina mama, wafanyakazi wa ofisi moja na wanafunzi hushuka kutoka Nairobi na kukodi Nissan ya abiria 14, ukubwa uliowekwa na kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004, ambao kwa bahati ndio ukubwa unaofaa kwa kundi linalojuana. Hawa hawabebi boksi la hoteli. Wanataka pilau, samaki wa kupaka, madafu, na mahali pa kupiga picha. Husimama kwa urahisi kwa sababu lugha ni moja na bei inaulizwa bila ya mkalimani. Upande wa kaskazini, barabara mpya ya Dongo Kundu na daraja lake refu la Mteza zimeunganisha bara la Mombasa na pwani ya kusini bila ya feri, na ile sababu ya kale iliyoifanya Shimba kuwa mlima wa pekee kwa msafiri wa siku moja imeanza kulegea. Gari linalotoka uwanja wa ndege au stesheni ya Miritini linaweza kupanda Kwale, kushuka hadi Gazi kwa chakula cha mchana na kurudi kabla ya usiku. Linaweza pia kupita Mwabungo moja kwa moja kama lilivyokuwa likipita.

Kwa waliopo Mwabungo leo, na kwa serikali ya kaunti inayopenda kuzungumzia utalii kila mwaka wa bajeti, historia hii ina ombi la kawaida kabisa. Dereva wa watalii, awe amebeba Waswisi au walimu wa Nakuru, husimama penye vitu vitatu: choo safi chenye maji, kivuli, na nafasi ya kugeuza gari bila ya kurudi nyuma barabarani. Maduka ya vinyago ya Ukunda yalilijua hilo miaka hamsini iliyopita na yakajijenga juu yake. Kando ya lami ya Mwabungo, panapotokea njia ya kwenda Kinondo, kazi hiyo haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Inahitaji kipande cha ardhi ya umma ambacho hakijagawiwa mtu, kamati ya kijiji yenye kitabu cha hesabu kinachosomwa hadharani, tangi la maji, na wapishi wawili watatu wanaoanza kukaanga saa nne asubuhi, kabla magari ya Shimoni hayajapita.